Nimebadilika, na Ushahidi Ninao

Jumatatu, 11 Mei

Ajwang amepiga simu. Shemeji huyu, dada wa mke wangu Everlyn, hapigi simu ila kuna msiba au hukumu. Leo ni hukumu. Kikao kimepangwa Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani kwake Loresho. Mama mkwe atasafiri kutoka Siaya. Mzee Ochola, baba mdogo wa mke wangu, ndiye atakayeongoza. Nami natakiwa nifike nijibu swali moja tu: siku baba yao alipozikwa, mimi mkwe wao nilikuwa wapi? Nikijibu vizuri, Everlyn atarudi Ngara. Nisipojibu vizuri, basi.

Nikamuuliza hilo "basi" lina maana gani. Akakata simu.

Swali lenyewe nimelijibu mara ngapi! Nilikuwa nimelazwa. Taifodi. Dripu mkononi. Nimesema hivyo tangu Machi bila kubadilisha hata neno, jambo ambalo lingemridhisha mtu yeyote mwenye nia njema.

Ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: nilikuwa Parklands, shuleni kwetu, katika darasa la Kidato cha Nne, narekodiwa video. Mada: Jinsi Mhusika Anavyobadilika Katika Riwaya. Quincy wa kamera alikuwa na nafasi Jumamosi hiyo tu. Ningefanya nini? Mzee alikuwa ameshafariki, hakuna ambacho ningemwongezea. Video ilikuwa haijazaliwa. Lakini jambo kama hilo humwambii mwanamke aliyefiwa na baba. Nilimwonea huruma nikampa taifodi.

Aliporudi kutoka mazishini hakugomba. Kila baada ya siku kadhaa aliniuliza tena, kwa upole, nilikuwa wapi. Nami nikamjibu tena, kwa upole, taifodi. Mwezi wa nne akaenda kwa dada yake. Tangu hapo nakula mkate mkavu nikiwa nimesimama. Sikujua nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa hivi. Nataka arudi. Nataka mno.

Na nimepata njia! Sitabishana nao kuhusu nilikokuwa. Nitawathibitishia kwamba nimebadilika. Mtu aliyebadilika haulizwi mambo ya zamani. Na katika Nairobi hii nzima, nani anajua kuthibitisha mabadiliko ya mhusika kunishinda mimi? Mwongozo wa riwaya ya shule niliuandika kwa mkono wangu!

Jumanne, 12 Mei

Kidato cha Nne, asubuhi. Riwaya yetu ina Mzee Kigongo, mwenye mashine ya kusaga, anayemnyima ndugu yake unga wakati wa njaa. Mwisho anakuwa mtu mwema. Nimewapa njia yangu ya siku zote: Kabla, Tukio, Baada. Kabla alikuwa mchoyo. Tukio, ndugu yake akafa. Baada, akawa mkarimu. Mfano mmoja kwa kila hoja, alama zako mfukoni, twende mbele.

Laila akainua mkono. Msichana wa Mombasa, mpole, amekaa mbele, na hajawahi kunipa raha. Akataka kujua tutajuaje Kigongo amebadilika kweli na si kwamba anaogopa watu. Nikamwambia kwa sababu amesema. Ukurasa wa mwisho, mbele ya kijiji kizima, Kigongo anasema yeye ni mtu mpya. Laila akasema mtu anaweza kusema. Nikamwambia akae.

Ng'ambo ya ukuta ni darasa la Mwalimu Nzisa. Kelele tupu! Watoto wanabishana, mmoja anapiga meza. Nikaenda kuchungulia nikitumaini ni fujo. Wapi! Wanabishana juu ya Kigongo. Nzisa amewaambia waache maneno ya mhusika kwanza, wamtafutie jambo moja alilolifanya pasipokuwa na mtu wa kumwona. Wamelipata sura ya kumi na moja: Kigongo anabeba debe la unga alfajiri, analiweka mlangoni kwa mjane wa ndugu yake, anaondoka bila kubisha hodi.

Sura hiyo siikumbuki. Nilipokuwa naandika mwongozo nilifika ya tisa, kisha shughuli zikanizidi.

Nikamwambia Nzisa njia yake inapoteza wakati, mtihani hausubiri. Akasema labda. Huyu mwanamke hagombani, ndiyo maana namwogopa.

Jumatano, 13 Mei

Kukusanya ushahidi. Nimeosha vyombo vyote vya wiki na kumwita jirani yangu Kasyoki anipige picha nikiwa na sufuria na povu hadi kwenye viwiko. Kasyoki ni fundi wa simu, ana kibanda hapo sokoni Ngara, mtu wa kanisa na wa maswali. Akauliza Mama Nyumba yuko wapi siku hizi. Nikasema kwa dadake, wana mambo ya familia. Si uongo.

Picha ya pili nikipiga pasi. Ya tatu nikisoma Biblia. Hii ya tatu Kasyoki aliona Biblia bado imo ndani ya nailoni yake akanitolea. Nilimshukuru.

Nimebakiwa na tatizo moja. Picha ni maneno yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe. Kwenye mtihani huwezi kusahihisha karatasi yako. Nahitaji watu wengine waseme nimebadilika.

Alhamisi, 14 Mei

Watu wengine hao ninao! Darasa zima, na wananiogopa.

Nimewapa zoezi. Nimelitunga mwenyewe usiku wa jana, nanakili hapa:

"Bwana Z ni mwalimu hodari. Jumamosi, tarehe 14 Machi, siku ya mazishi ya baba mkwe wake, aliugua taifodi akalazwa. Wakwe hawakumwelewa. Tangu wakati huo Bwana Z amekuwa mtu mwingine: huosha vyombo, husali, hapandishi sauti. Fafanua jinsi Bwana Z alivyobadilika. Alama ishirini."

Nitachagua insha bora sita, hoja sita, na kuzisoma Loresho. Sauti za vijana wasio na upande. Nani atabisha?

Clifford, ambaye hukubaliana nami kwa kila jambo na anapata D kwa kila jambo, akaanza kuandika mara moja. Laila akainua mkono. Kama Bwana Z aliugua kweli, akauliza, alikosa nini? Na kama hakukosa, anabadilika kutoka wapi kwenda wapi?

Nikamwambia afanye alivyoagizwa, mambo mengine atayajua chuo kikuu.

Nimelifikiria swali lake njia nzima hadi Ngara. Swali la kijinga. Nimelifikiria tena wakati wa kula.

Jumapili, 17 Mei

Nimeenda kanisani kwa kina Ajwang, pale karibu na Waiyaki Way, ili aone kwa macho yake. Benchi la pili kutoka mbele. Niliimba kwa sauti hadi mama mmoja akageuka. Nilikuwa nimevaa ile tai ya harusi.

Mchungaji akatangaza msiba. Dada mmoja wa kanisa amefiwa na mumewe, mazishi ni Ijumaa, Kakamega. Nani watasindikiza familia? Nikaona nafasi. Nikainua mkono, tena juu kabisa. Watu wakapiga makofi. Baada ya ibada yule mjane akaja akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi. Akasema Mungu anibariki, hanijui, sikumjua mume wake, na bado nakubali kwenda, siku hizi hata wa nyumbani hawazikani. Alilia. Mimi nikamtafuta Ajwang kwa macho juu ya kichwa chake, aone.

Ajwang hakuwepo. Ana mafua, nikaambiwa mlangoni.

Yule mjane akaomba namba yangu ili wanijulishe basi linatokea wapi. Ijumaa nina vipindi vinne. Nikampa namba, nikabadilisha tarakimu ya mwisho. Nilitoka haraka. Jambo hili sitaliweka kwenye ushahidi.

Jumatatu, 18 Mei

Siku mbaya! Siku mbaya kuliko zote!

Nilikaa chumba cha walimu kusahihisha insha za Bwana Z. Clifford ameandika kwamba Bwana Z ni nuru ya taifa na anafaa kugombea ubunge. Vizuri, hoja moja. Wengine wamenakili mwongozo wangu neno kwa neno, kwa hiyo wameandika kwamba Bwana Z ana mashine ya kusaga. Wengi, na hili sikulitarajia, wamesema hajabadilika. Mmoja kasema anayeosha vyombo huku anapigwa picha anaosha picha. Hawa watoto wamejuaje picha? Nikakumbuka nilikuwa nimeweka moja kwenye status.

Kisha Laila. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Ameandika kwamba Bwana Z habadiliki, anabadilisha maelezo tu. Ameandika kwamba tukitaka kumjua mhusika tulinganishe anachosema na alichofanya. Halafu, aya ya tatu: ipo video ya somo ambayo wanafunzi wote huitumia kudurusu. Mwalimu aliye kwenye video hiyo ni mzima wa afya, ana chaki mkononi, anacheka. Na juu ya ubao, upande wa kulia, ameandika tarehe. Jumamosi, 14 Machi.

Chini kabisa ameandika: Naomba radhi, Mwalimu, lakini tulitakiwa kutoa mfano.

Tarehe! Chuoni walitufundisha: chaki ikigusa ubao, kitu cha kwanza ni tarehe, cha pili somo, cha tatu mada. Mkaguzi akiingia akakuta ubao hauna tarehe, umekwisha. Miaka yote hii sijasahau hata siku moja. Hata Quincy aliniuliza siku ile kama ni lazima, nikamwambia mwalimu asiyeandika tarehe ni mpita njia. Nikaipigia mstari kwa rula.

Nimempa Laila nne kwa ishirini. Ametoka nje ya swali.

Jumanne, 19 Mei

Nimemfuata Quincy kwenye duka lake la picha, Ngara. Nimemwomba aifute ile video kila mahali ilipo. Akacheka. "Mwalimu, hiyo kitu iko kwa simu ya kila mtoto wa form four. Nifute gani niache gani?" Nikamwomba basi aifanye ile tarehe isisomeke. Akasema inawezekana, lakini zilizokwisha kusambaa zimesambaa. Akauliza kwani tarehe ina shida gani. Nikasema haina.

Niliporudi shuleni nikamkuta Nzisa ananingoja, na insha ya Laila mkononi. Laila amemwendea kuuliza alikosea wapi. Nzisa hakupandisha sauti. Alisema hii ni insha bora aliyoisoma mwaka huu na mimi nalijua hilo. Kisha akaketi, akasema taratibu kwamba si shughuli yake, lakini kama kuna mtu nyumbani anayesubiri nimwambie jambo, nimwambie. Watu husamehe wakiambiwa, akasema. Kugundua wenyewe ndiko kunakowaumiza.

Maneno mazuri. Nikaona huyu ndiye shahidi ninayemhitaji, mtu mzima, anaheshimika, anaongea kwa utulivu. Nikamwomba aje Loresho Jumamosi aseme nimebadilika. Akasema hajaona. Nikamwambia kuona si lazima, nitamwandikia hoja. Akachukua begi lake akaenda darasani.

Wivu. Nimemsamehe.

Alhamisi, 21 Mei

Leo karibu nifanye jambo la ajabu. Nilikaa kitandani upande wa Everlyn, nikashika simu, nikaandika: Nilikuwa shuleni narekodi video. Nilidanganya. Nilimkosea baba na nilikukosea wewe. Nisamehe.

Nikaisoma. Kifua kiliniuma, kuuma kabisa, hadi nikafikiri ni taifodi kweli. Baba yake alinipenda yule mzee. Siku tulipopeleka mahari alinishika bega akaniita mwalimu wangu mbele ya watu wote. Hakuna aliyewahi kuniita wake.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikafikiria sura ya Ajwang akiisoma. Nikafikiria Mzee Ochola akiisoma kwa sauti. Nikafuta yote, nikaandika: Salama? Nimebadilika sana. Nikatuma.

Hajajibu.

Basi, maandalizi. Nimepanga hoja sita, nimezipiga chapa, nakala moja kwa kila mjumbe wa kikao, na chini nimeweka mwongozo wa kusahihisha ili Mzee Ochola asipate taabu. Alama mbili kwa hoja, moja kwa mfano. Lugha na mtiririko, mbili. Wakiuliza kuhusu video, jibu ni hili: walimu hukosea tarehe. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo hadi nikaliamini.

Jumamosi, 23 Mei

Loresho. Geti kubwa, askari wa geti aliyeniuliza mara mbili nimekuja kwa nani, kana kwamba mimi si wa familia. Sebuleni walikuwa wameketi: Mzee Ochola na kofia yake magotini, Ajwang, Everlyn karibu na dirisha, na mama mkwe kwenye kiti cha mbali kidogo, kwa heshima yake na yangu. Everlyn amekonda. Alivaa lile gauni la bluu nililomnunulia Kisumu. Nilitaka kuvuka chumba nimshike. Badala yake nikafungua faili.

Mzee Ochola akafungua kwa sala. Akasema niulizwe lile swali. Nikasema kabla ya swali nina wasilisho fupi. Nikasimama, nikagawa nakala, nikaanza hoja ya kwanza. Usafi wa nyumba, tazama picha. Hoja ya pili, uchaji Mungu. Nilipofika ya tatu, ambayo ni insha ya Clifford, Ajwang akauliza kwa sauti ya chini kama leo kuna mtihani. Nikamwambia maswali mwishoni, tafadhali.

Nilizimaliza zote sita. Hakuna aliyeandika alama.

Kisha mama mkwe akaongea. Huwa haongei mbele yangu, kwa hiyo kila mtu akakaa sawa. Alisema siku ile, chini ya hema, walipanga viti vya wakwe. Changu alikiweka yeye mwenyewe, mbele, karibu na jeneza. Watu walikuwa wengi, wengine wamesimama juani. Mgeni mmoja mzee akataka kukaa hapo, akamkatalia. Mwingine akataka, akamkatalia. "Nikawaambia hiyo kiti ina mwenyewe, ako njiani." Hadi udongo ukajazwa, kiti kikabaki hivyo hivyo, watu wakakizunguka wakienda kula.

Akasema hakuja Nairobi kugombana, magoti hayamruhusu. "Wewe ni mtoto wangu. Sema tu ulikuwa wapi. Sitakasirika."

Niliona kile kiti. Naapa nilikiona, cha plastiki, cheupe, kitupu katikati ya watu. Na ukweli ukapanda hadi kooni, ukawa umekaa hapo, ni kufungua mdomo tu. Everlyn aliinua uso. Alikuwa ananitazama kama zamani.

Nikasema nilikuwa nimelazwa. Taifodi. Dripu mkononi.

Everlyn akainamisha uso tena. Ni yeye aliyeongea, bila hasira. Alisema video aliiona wiki ileile aliyotoka mazishini. Binti wa Ajwang alikuwa anadurusu, akamwita aje amwone mjomba akifundisha. Aliangalia yote hadi mwisho. Alisema nilifundisha vizuri. Tarehe aliiona ubaoni, na mwandiko wangu angeutambua popote. Tangu siku hiyo amekuwa akiniuliza si kwa sababu hajui. Alikuwa anasubiri nimwambie.

Nikasema walimu hukosea tarehe.

Mzee Ochola akakunja nakala yake, akaiweka mezani, akavaa kofia. Mama mkwe akaomba asaidiwe kwenda kulala. Hakuniangalia alipopita. Chai ililetwa, nadhani kwa mazoea, na hakuna aliyeimimina.

Everlyn alinisindikiza mwenyewe hadi getini. Nilifikiri ni dalili njema. Akaniambia begi lake lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, liko nyuma ya mlango. Mama alikuwa amemwomba anisamehe, naye alikuwa amekubali kabla sijafika. Ningesema pale ndani, tungerudi Ngara pamoja. Kisha akasema, "Nenda salama, Zedekiah." Hajawahi kuniita Zedekiah tangu tuoane.

Sasa kwa nini hawakuniambia mapema kwamba wanajua? Mtu akijua swali linatoka wapi, anajiandaa! Ule haukuwa uungwana.

Jumatatu, 25 Mei

Everlyn alikuja kuchukua vitu vyake, na gari la Ajwang. Niliomba ruhusa shuleni, nikasema nina homa. Nilimsaidia kubeba. Nguo, sufuria mbili za mamake, cherehani. Mwisho akaondoa picha ya baba yake ukutani. Pamebaki alama nyeupe ya mraba. Nilitaka kusema neno lakini kila neno lililokuja lilikuwa hoja. Akaniachia ufunguo juu ya meza. Nilisikia hatua zake zikishuka ngazi hadi chini, kisha gari, kisha hakuna kitu.

Nililia jikoni. Sioni aibu kuandika. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jioni nikaongeza alama mbili kwenye insha ya Laila. Sita kwa ishirini. Mtu asije akasema mimi ni mgumu.

Jumanne, 26 Mei

Kasyoki amenikuta kwenye ngazi. Ameona gari jana, ameona cherehani ikishuka, ameona macho yangu. Akaniuliza kwa huruma, mwalimu, kwani kuna nini?

Sijui ilivyotokea. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie mke wangu ameondoka. Nikasikia sauti yangu ikisema mama mkwe amefariki. Ghafla. Everlyn ametangulia nyumbani na vitu vya matanga.

Kasyoki akashika kichwa. Na miezi miwili tu baada ya baba! Akanikumbatia pale pale kwenye ngazi. Nikafikiri yameishia hapo, lakini yeye ni mtu wa kanisa. Jioni hodi, na mlangoni watu kumi na zaidi, jengo zima, na chupa za chai na mkate. Wamama wakaingia jikoni wenyewe. Wakaketi hadi sakafuni, wakaimba nyimbo za faraja, wakaona ile alama nyeupe ukutani. Nyumba ilijaa. Sijala vizuri hivi tangu mwezi wa nne.

Wakaniomba nimwelezee marehemu. Nikawaambia jinsi alivyoniwekea kiti. Nikawaambia alivyowakatalia watu wawili kwa ajili yangu, akisema kina mwenyewe, yuko njiani. Nililia tena, machozi ya kweli, na chumba kizima kikalia nami. Mama mmoja akasema wakwe wenye uchungu kama huu siku hizi hawapatikani.

Kasyoki akauliza mazishi ni lini. Nikasema Jumamosi. Akauliza kama shule itaniruhusu. Nikamwambia iniruhusu isiniruhusu, nitakwenda, jambo kama hili mtu hawezi kukosa. Wameniahidi kukodi basi, wanakuja wote.